Moyo wa Bibi Rukia Uliochafuka

Nakumbuka asubuhi moja pale Hamriya, mwanangu, nimekaa kwenye benchi la kliniki pembeni ya Bibi Rukia, nimenuna kuliko wagonjwa wote. Bibi alikuwa mama yake mama yetu, mzaliwa wa Unguja aliyehamia huku Uarabuni, na kazi ya kumsindikiza nilipewa mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa sina kazi. Shahada ya sayansi nilikuwa nayo, lakini kwa alama ambazo baba alizitazama mara moja tu, akairudisha karatasi mezani. Chuo cha udaktari kilikuwa kimeshanikataa. Nyumbani kwetu Ruwi kila aliyenisikiliza nilimwambia kwamba wenzangu wameingia kwa wasta, kwa kujuana na wakubwa, na mimi sina mtu.

Nakusimulia haya kwa sababu mdogo wangu, mama yako, alinipigia simu jana. Ameniambia alama zako, ameniambia na ulivyolia, halafu akaniomba niseme na mkubwa mmoja wa chuo, kwa kuwa siku hizi mimi ni daktari ninayejulikana kidogo. Nimemwambia nitakujibu mwenyewe. Basi kaa, kunywa kahawa yako, na hiyo halua usiionee haya.

Bibi Rukia alikijua Kiarabu cha sokoni na cha kupokea wageni. Maradhi yake, lakini, aliyasema kwa Kiswahili tu. Daktari, mama wa Kihindi mwenye sauti ya taratibu, alipomuuliza anaumwa nini, Bibi akanigeukia mimi.

"Mwambie moyo unanichafuka tangu juzi. Nikila unanichafuka, nisipokula ndo zaidi."

Nami, msomi wa familia, nikatafsiri palepale: moyo wake una matatizo tangu juzi. Daktari akabadilika uso. Muuguzi akaja mbio, Bibi akalazwa kitandani, akabandikwa vidude kifuani, na mashine ikaanza kuchora mistari yake. Bibi ameshikilia buibui lake kwa mikono miwili, macho kwangu.

"We Nasra, hawa wananfanya nini? Mimi nnataka kutapika, wao wananfunga nyaya kama redio!"

Wewe umezaliwa hapa kama mimi, labda nawe hujui. Wazee wetu wa Unguja wakisema moyo unawachafuka, wana kichefuchefu. Moyo wenyewe hauna habari. Mama yetu alikuwa akisema "nataka kutapika", basi, na lile neno la Bibi nilikuwa nalisikia tangu utotoni nikidhani ni huzuni, na pale kliniki nikadhani ni maradhi ya moyo wenyewe. Sikuwahi kuuliza.

Nilipomweleza daktari hilo la kutapika, alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe ilikuwa dawa ya magoti, Bibi akiimeza kabla ya kula. Akaambiwa ale kwanza, ndipo ameze, tukatoka.

Kwenye teksi nilitaka kucheka na mimi, lakini Bibi alikuwa hacheki.

"Hukujua nnachosema. Kwa nini hukun'uliza?"

"Nilidhani najua, Bibi."

"Ulidhani. Na huko chuoni ulikuwa hivi hivi? Ukisikia neno moja la mwalimu ushajua, ushaondoka?"

Akaendelea kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. "Basi kilichokukosesha si wasta, mjukuu wangu. Usintie tena maneno hayo masikioni."

Niligeukia dirishani ili asiyaone machozi. Alikuwa amesema kweli. Skuli nilikuwa wa kwanza wa darasa, na nilijifunza vibaya kwamba wa kwanza haulizi. Nilipofika chuoni kemia ikanizidi, nami nikaona aibu kunyanyua mkono. Nikakariri majibu ya mitihani iliyopita nikiomba Mungu waulize yaleyale. Hawakuuliza yaleyale. Mpaka leo namshukuru Bibi kwa ile teksi, maana wazazi wangu walinionea huruma, rafiki zangu wakanipa moyo, na yeye peke yake ndiye aliyenipa sababu.

Nikarudi kwa mwalimu wangu wa kemia nikamuuliza ni kitu gani hasa sikukielewa. Alinitazama kwa mshangao. Alisema miaka yote ile alidhani simpendi. Nilirudia masomo yaliyoniangusha, nikakaa mstari wa mbele pamoja na watoto wadogo kuliko mimi, nikauliza mpaka wakaniita Bi Kwanini. Jina lile lilinifuata mpaka harusini kwangu! Alama mpya zilikuja nzuri. Za zamani hazikufutika, zilibaki palepale juu ya hizo mpya, na usimwamini anayekwambia kuna njia ya kuzificha.

Nikarudi kliniki pia. Nilimwomba yule daktari aniruhusu niwasemee wazee wetu bila malipo, na nilidhani atanifukuza. Akasema, "Wewe umeshakosea mara moja, sasa utakuwa mwangalifu." Walikuja wazee wa Unguja na Pemba, wakaja na wale waliotoka Burundi na Kongo, kila mmoja na Kiswahili chake. Mzee mmoja aliniambia anaendesha tangu jana, nikajizuia kumuuliza gari gani, kumbe ni tumbo la kuhara. Nilijifunza kumwambia mtu, "Nionyeshe kwa mkono, babu. Ukisema hivyo, unasikia nini?" Hapo ndipo nilipojua kweli kwamba nataka kazi hii, kwa sababu nilikuwa narudi nyumbani nimechoka na bado nina furaha. Kabla ya hapo, mwanangu, nilikuwa nataka kuitwa dokta tu.

Nilipoomba tena, barua ya kunisifu aliiandika daktari yule, aliyeniona nikiharibu na akaniona nikirudi. Mjomba wangu alikuwa tayari kunitafutia barua ya mtu mzito asiyenijua. Nilimshukuru nikaiacha.

Siku ya usaili, profesa mmoja wa makamo akaziweka alama zangu mezani, akaweka kidole juu ya zile mbaya. "Na hizi?"

Baba alikuwa ameumwa mwaka ule wa alama mbaya, ningeweza kusema hivyo, na isingekuwa uongo. Lakini haikuwa sababu. "Hizo ni zangu," nikasema. "Nilikuwa siulizi. Hizi za chini ni tangu nilipoanza kuuliza." Nikawasimulia habari ya Bibi na nyaya. Wote wakacheka isipokuwa yule profesa, aliyeuliza tu kama Bibi bado anatumia ile dawa. Nikamwambia ndiyo, baada ya chakula. Akaandika kitu. Waliniweka kwenye orodha ya akiba kwanza, na nilikuwa nimeshakata tamaa nikinunua samaki sokoni Matrah waliponipigia simu. Nililia mbele ya muuza samaki, masikini, akanipunguzia bei.

Bibi Rukia aliishi mpaka akaniona na koti jeupe, alhamdulillah. Siku zake za mwisho nilikuwa nakaa naye. Asubuhi moja akaniambia kwa sauti ndogo, "Nasra, nnausikia moyo wangu."

Nikamshika mkono. "Unausikiaje, Bibi? Nionyeshe."

Akacheka, kicheko chake chote kimebaki machoni. Akauchukua mkono wangu akauweka kifuani pake. "Huu huu wa kweli. Umetulia. Nlitaka nione kama utan'uliza."

Kwa hivyo simu ile sitaipiga, mwanangu. Usinikasirikie. Ningeipiga, ungeingia ukiwa yuleyule aliyepata alama zile, na siku moja mbele yako angelala bibi wa mtu. Nenda kwa mwalimu wako ukaulize ulipopotea. Rudia masomo yaliyokuangusha, moja moja, usijibebeshe yote kwa pamoja. Jumapili njoo kliniki kwangu, ukae na wagonjwa, uone kama moyo wako unaitaka kazi hii au unalitaka jina lake. Ukiona huitaki, nitakupenda vilevile. Na wakikuuliza kuhusu alama zako, sema ni zako, kisha waonyeshe ulichofanya baada yake. Nami nikikuona umefanya hayo, barua nitakuandikia kwa mkono wangu, maana nitakuwa nakujua.

Mwenyezi Mungu akufungulie kifua chako, akupe ulimi usioona haya kuuliza na sikio lisilo na haraka. Akukutanishe na mtu wa kukwambia kweli kama alivyonikutanisha mimi na Bibi, Mungu amrehemu. Amin. Haya, sasa niambie wewe, taratibu, na nionyeshe kwa mkono: unaumwa wapi?