Uzi wa Jinzi

“Mama, kitabu si suruali! Nani kakutuma ukishone kwa uzi wa jinzi?” Hivyo ndivyo alivyonipokea mwenye kibanda cha vitabu vilivyotumika, nje ya chuo cha uuguzi. Kabla ya kushika kitabu hupangusa vidole kwenye shati, kisha hukinusa kama mtu anayechagua samaki. Hunung’unika kutwa nzima. Lakini ndiye aliyemwazima binti yangu kitabu hicho muhula mzima bila senti, maana dukani bei yake ni cherehani yangu nzima, na kishikwambi cha kukisomea ni cherehani mbili. Mungu ampe maisha marefu na ulimi mfupi! Sharti lilikuwa moja tu, kirudi kizima. Kikachanika mgongo siku mbili kabla ya mtihani, nami fundi nguo nikakishona.

“Binti amefaulu,” nikamwambia. “Kitabu nitakilipa kidogo kidogo.”

Alikishika jalada, akakining’iniza, akakitikisa kwa nguvu. Haikudondoka hata karatasi moja. Akainama chini ya meza, akaibuka na vingine vitatu vilivyovunjika migongo.

“Wenzake binti yako wanavisubiri hivi. Vishone, halafu hatudaiani. Na uzi uwe huo huo wa jinzi.”