Walivyonitilia Dawa Kwenye Uji

Nilikuwa kichaa, sawa. Lakini kwenye hili la uji, mwenye akili nilikuwa mimi.

Mwaka sabini na tano, kijiji kipya cha ujamaa tulichohamishiwa, upande wa Ilongero. Sauti zilikuwa zinaniambia nitawekewa sumu. Kaka yangu Laurian alikuwa ameshanifunga mguu kwa mnyororo kwenye gogo nyuma ya nyumba. Nalala hapo, nakula hapo, najisaidia hapo hapo. Inzi tu ndio walikuwa wanakuja kunitembelea.

Siku moja uji wa uwele ukawa mchungu.

"Laurian, umetia nini humu?"

"Hakuna kitu. Kunywa."

"Umetia kitu!"

Akamgeukia mama. "Unaona? Kichaa kimepanda."

Nikagoma kula. Wakanikalia kifuani, mama akanibana pua, uji ukamiminwa. Nikautapika, nikaachwa nimelala juu yake. Mpaka leo nikinusa uji wa uwele, naondoka.

Nikakonda, nikawa mifupa mitupu. Nilijua nakufa.

Ndipo akaja Nesi Dorkas wa zahanati. Akampa mama shikamoo yake, kisha akaja kuketi kwenye gogo langu. Wengine walikuwa wanaziba pua.

"Martina, hizo sauti leo zinasema nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza! Nikamwambia yote, hadi la uji. Akamgeukia Laurian.

"Vidonge nilivyokupa unampaje?"

"Nasaga, natia kwenye uji. Sasa kichaa utamwambia nini?"

Jamani! Kumbe kweli!

Nesi akasonya. Akanionyesha kidonge. "Hiki kitakukausha mdomo, utasikia usingizi, lakini sauti zitapungua. Utameza mwenyewe?"

Nikameza mwenyewe. Kila akipita kijijini tunaongea: sauti zikija nifanye nini, nikiogopa nimwite nani. Zikafifia taratibu, kama watu wanaoongea nyumba ya pili.

Kufika mavuno, akasema, "Huyu mfungueni. Ufunguo uko wapi?"

Mama akamtazama Laurian.

"Tuliuacha mahameni, kule kwenye nyumba ya zamani, siku ya kuhamishwa," akajibu Laurian. "Hatukudhani utahitajika."

Kwenye lori walikumbuka kuku, jiwe la kusagia, hata mwiko. Mimi na gogo langu tulipakiwa pia. Ufunguo, hapana.

Mnyororo ulikatwa kwa tindo. Kinyaa nilichowaonea siku ile hakuna kidonge kilichokipunguza.

Wewe mwenye mgonjwa kama mimi nyumbani, mpe dawa mkononi, mwambie ni dawa, halafu kaa naye muongee. Anakusikia.