Sponji Laini la Gari Jeusi

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa na gereji ya rangi Butembo, na mimi ndiye niliyekuwa napolisha. Yeye alinyoosha mabati na kupuliza rangi. Akimaliza, gari lilikuja kwangu, nami nikaliwashia mashine mpaka ling'ae. Wateja wapya walipouliza mupolishaji yuko wapi, mjomba alininyooshea kidole, nikiwa nimefunga kitenge juu ya suruali. Wengi walitazama nyuma yangu kumtafuta mtu mwingine.

Kwa miaka mingi nilipolisha malori, teksi na jipu za wafanyabiashara wa kahawa, karibu zote nyeupe au za rangi ya majivu. Kwenye mashine nilifunga duara la manyoya ya kondoo, kwa sababu mjomba alipenda manyoya. Yanakula mikwaruzo haraka. Sponji nilikuwa nazo tatu, moja ngumu, moja ya katikati na moja laini kama mkate wa maziwa, lakini zilikaa ndani ya mfuko, juu ya kabati.

Alhamisi moja aliingia mwalimu wa fizikia. Alikuwa mtu wa Kasai, serikali ilimleta kufundisha shule ya sekondari huku kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea, kimechanganyika na Kifaransa. Alikuwa amepita miaka hamsini, mjane, na Jumamosi alikuwa anafunga ndoa Beni na mama mmoja mjane pia, muuza maharagi. Walijuana kwa sababu ya kosa. Mwalimu alikuwa amefika kwenye meza yake sokoni akaomba "batoto ya maharagi", yaani watoto wa maharagi, akimaanisha maharagi madogo. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia. Wiki iliyofuata mwalimu alirudi kununua tena, ingawa ya kwanza hakuwa ameyamaliza.

Sasa shida ilikuwa gari. Lilikuwa jeusi, la zamani, limeoshwa miaka yote kwa matambara yenye mchanga, na rangi yake ilikuwa imefifia.

"Shemeji yangu alisema motokari yangu iko sawa na chini ya sufuria," mwalimu alituambia. Alitabasamu, lakini niliona neno lile lilimchoma. "Donc, nataka siku ya ndoa aione vizuri."

Mjomba alipitisha kiganja juu ya boneti. "Weka manyoya," aliniambia. "Hii imekwaruzwa sana. Sponji itakuchelewesha bure."

Nikaweka manyoya. Nilipolisha siku nzima chini ya paa la mabati, na jioni gari liling'aa hata mimi nikajisifu. Nilienda kulala nikiwa na furaha.

Ijumaa asubuhi mwalimu alikuja kulichukua. Tulilisukuma mpaka nje, na jua la Butembo, ambalo siku nyingi hujificha nyuma ya ukungu, asubuhi ile lilikuwa kali. Kwenye mlango wa dereva nikaona duara juu ya duara, nyuzi nyembamba za mwanga, kama utando wa buibui. Boneti hivyo hivyo. Mlango wa nyuma ndio ulikuwa mbaya zaidi. Kila mahali mashine ilipopita, njia yake ilionekana.

Mwalimu alilizunguka gari polepole, mikono nyuma, kama anayesimamia mtihani.

"Hiyo ni jua tu," mjomba alisema. "Iko inadanganya macho."

"Hapana, tonton," mwalimu alijibu kwa upole, akimwita mjomba kwa Kifaransa. "Jua hapana danganya. Ni sisi tulipolisha ndani ya kivuli."

Nilitamani ardhi ipasuke. Harusi ilikuwa kesho. Lakini mwalimu hakukasirika. Alichuchumaa mbele ya mlango akaanza kunieleza, kama niko darasani, kwamba rangi nyeupe inarudisha mwanga mwingi, kwa hiyo mukwaruzo mudogo unapotea ndani yake. Nyeusi inaumeza mwanga karibu wote. Kidogo kinachorudi kinatoka kwenye mukwaruzo, na jicho linakwenda pale pale.

"Alors, hayo manyoya yanakata sana," alisema. "Yanatoa mikwaruzo ya zamani na yanaweka ya kwake. Hauna kitu laini zaidi?"

Nikamtazama mjomba. Alikuwa ameangalia pembeni. Nikapanda kiti nikashusha mfuko wa sponji.

Kwanza niliosha gari upya na kulirudisha kivulini lipoe, maana bati lenye moto linakausha dawa ya kupolishia kabla haijafanya kazi. Kisha nikachagua sehemu ndogo karibu na taa ya nyuma, si kubwa kuliko daftari, nijaribu pale tu. Wazo langu lilikuwa kuanza na sponji iliyo laini kabisa na kupanda ngazi ikishindwa. Laini ilitoa mng'ao mzuri, lakini nyuzi zile zikabaki. Nikafunga ya katikati, nikatia matone machache ya dawa, nikapunguza mwendo wa mashine na kuipeleka taratibu bila kuikandamiza. Nikapangusa. Nyuzi zilikuwa zimekwisha, lakini juu ya weusi kulibaki ukungu mwepesi. Nikarudia ya laini, na dawa nyingine nyepesi zaidi. Ukungu ukaondoka.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda akisahihisha daftari za wanafunzi wake. Alisogea, akafungua daftari moja na kuliweka mbele ya ile sehemu. Maandishi yalionekana ndani ya rangi, yamegeuka kinyume, lakini kila herufi ilisomeka.

"Huyu alikosa swali la tatu," alisema. "Hata ndani ya motokari yangu amekosa."

Mjomba alicheka. Ndipo akasogea na yeye, akainama mpaka pua ikakaribia bati.

"Miaka yote hii nilikuwa nakupatia manyoya," alisema.

"Kwa malori yalikuwa mazuri, tonton."

"Kwa malori, ndiyo." Akavua koti lake. "Nipe burashi. Nitakuwa nasafisha sponji, wewe usisimame."

Sijamsahau mjomba wangu vile alivyokuwa siku ile, fundi mkubwa wa mji, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akisugua sponji zangu. Kila nilipomaliza mlango mmoja nilimtupia iliyojaa dawa, naye alinirudishia iliyo safi. Alikuwa ameelewa kwamba uchafu uliobaki ndani ya sponji ungechora mistari mipya. Mwalimu alitembea na daftari lake, anaweka huku, anaweka kule, anasoma. Palipokuwa na ukungu alisema, "Hapa mwanafunzi hajaeleweka," nami nikarudia. Kwenye kingo za milango niliweka mashine chini na kusugua kwa mkono, maana pale rangi ni nyembamba. Saa kumi jioni tulilitoa nje. Jua lilikuwa bado lipo. Tulisimama watu watatu ndani ya mlango mmoja mweusi, wazima wazima, na nyuma yetu kilima na migomba yake.

Ikabaki njia. Toka Butembo mpaka Beni ni vumbi, na vumbi ukilipangusa kavu juu ya rangi nyeusi, unarudi ulikotoka. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nilipanda na mimi, nimebeba ndoo, sabuni na vitambaa laini vilivyofungwa ndani ya mfuko kama nguo za mtoto. Mwalimu aliendesha polepole sana. Pikipiki zenye mizigo ya mikungu ya ndizi zilitupita.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alichukua karatasi za gari, akazisoma zote. Kisha, badala ya kuzirudisha, aliinama kwenye mlango wa nyuma, pale ambapo vumbi halijashika sana, akaiweka sawa kofia yake.

"Motuka kitoko," alisema kwa Kilingala, yaani gari zuri. "Nani ameipolisha?"

"Ni mama huyu," mwalimu alijibu.

Askari alinitazama mimi, hakutazama nyuma yangu. Akanipigia saluti.

Beni tuliingia uani kwa shangazi wa bibi harusi. Nilimwaga maji mengi kwanza vumbi lishuke lenyewe, nikaosha, nikakausha bila kusugua. Bibi harusi alitoka mlangoni na kilemba nusu kimefungwa, akaona gari, akaja mpaka pale akamalizia kukifunga akijitazama kwenye boneti.

"Wasingya," aliniambia, ndiyo asante ya Kinande. "Nyumbani kwa shangazi kuna kioo kimoja na wanawake tisa."

Baada ya misa kaka wa bibi harusi, yule wa sufuria, alilizunguka gari mara mbili.

"Hii ni ile ile?"

"Ni ile ile," mwalimu alisema.

"Hapana. Ulinunua ingine." Aliinama, akaliona kovu la zamani kwenye bampa. Kisha akamshika shemeji yake bega na kwenda naye mezani.

Tulikula bugali, samaki na maharagi madogo, ambayo bibi harusi mwenyewe alimpakulia mume wake, akisema kwa sauti, "Batoto yako hawa." Uani wote waliijua habari ile, walicheka mpaka shangazi akashika mbavu. Muziki ulipoanza, watoto walikwenda kucheza kuzunguka gari, mikono yao ina mafuta ya mawese. Wakaliegemea, wakatazama nyuso zao, wakatoa ndimi. Alama za vidole zikajaa toka taa mpaka taa.

Nilishika kitambaa, nikakiangalia, nikakirudisha mfukoni. Shangazi alikuwa ananivuta mkono, kwenda kucheza.