Heshima Niliyopewa Gereji

Nichekeni, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Tangu nihamie Tororo kufundisha hesabu, miezi minne sasa, sijapata mtu wa kupiga naye soga. Nikiingia hotelini, mazungumzo hukatika. Nikadhani ni haya za watu wa hapa.

Wiki iliyopita gari langu, Pijo niliyoinunua Busia, lilianza kugoma gia, nikatafuta gereji ya kubadilisha oili ya giaboksi. Ya kwanza waliniambia oili imekwisha, na mikebe ninaiona. Ya pili wakafunga mlango. Ya tatu, fundi Owor alinifutia kiti, akaacha gari la mteja mwingine, akajilaza chini ya langu. Nikajisemea, hapa ndipo pangu, fundi ana adabu.

Kwa hamu ya maongezi nikamuuliza anakaa wapi, ana watoto wangapi, jioni hukaa na nani. Spana ikamponyoka.

Akatoka uvunguni, mikono juu. "Afande, nihurumie! Watoto yangu iko wadogo. Ile maneno ya Rais pale baa, si mimi nilisema."

"Afande nani?"

"Miwani nyeusi, Pijo, maswali. Si ndiyo nyinyi watu ya usalama nabeba watu kwa buti ya gari?"

Nikavua miwani niliyopewa na daktari, akayaona macho yangu mekundu kwa ugonjwa. Nami nikamkumbuka jirani yangu. Chumvi imeadimika Tororo nzima, lakini jioni niliyombishia hodi, nikitaka tu mtu wa kuongea naye, alinikabidhi yake yote kabla sijaomba kitu, akafunga mlango kwa komeo.