Bakteria Waliotupa Jeni Yangu

Kuku wa Mama kule Moiben walikuwa wakila mahindi na hawanenepi. Mahindi yana upungufu wa laisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujenga nyama bila hiyo. Mimi nilikuwa kwenye maabara ya chuo hapa Eldoret, nikijaribu kuwafanya bakteria waitengeneze kwa wingi. Niliwapachika jeni ya kuwafanya waendelee na kazi hata laisini ikishajaa.

Lakini kwa bakteria jeni hiyo ni mzigo, na wakipata nafasi wanaitupa. Ndiyo maana niliiunganisha na jeni ya kinga dhidi ya dawa fulani inayoua bakteria. Ukitia dawa hiyo kwenye chakula chao, aliyetupa jeni anakufa.

Mwanzoni vipimo vya laisini vilipanda vizuri. Halafu vikaanza kushuka. Nililaumu stima, maana ilikuwa inapotea kila mvua ikinyesha. Nikaanza upya, vikashuka tena. Nikadhani ni uchafu, nikasugua chupa mpaka vidole vikachubuka.

Asubuhi moja nikamkuta mwenzangu, tuliyekuwa tukifanya naye utafiti huo, akiandaa chakula cha bakteria.

"Dawa umetia?"

"Ile? Ilikuwa inaisha, nikaona tuihifadhi."

"Tangu lini?"

"Tangu tufungue muhula. Na si unaona wanakua vizuri tu?"

"Wanakua vizuri kwa sababu wametupa kazi yote niliyowapa!"

"Sasa mbona unanipigia kelele? Si ungeniambia?"

Nilikuwa nimemwambia. Nilikuwa hata nimebandika karatasi kwenye mlango wa friji. Nilitoka nje kabla sijasema neno la kujutia, na huko huko Mama akapiga simu.

"Hao wadudu wako wamefika wapi?"

"Wanakula tu, Mama. Kazi hawafanyi."

"Kumbe ni kama kaka yako."

Nilicheka bila kutaka, kisha nikakasirika zaidi.

Msimamizi wangu alishauri tuichomeke jeni ndani ya kromosomu yenyewe, ule uzi unaobeba jeni zao za asili, ili bakteria wasiweze kuitupa kirahisi. Kazi hiyo ilimaliza msimu mzima wa mvua. Safari hii jeni ilikaa. Laisini ilipanda, ingawa si kama nilivyotarajia, na ikabaki hapo.

Mwenzangu alizunguka idara nzima akitangaza, "Tumefaulu!" Eti tumefaulu. Aliporudi nilimwonyesha sinki iliyojaa chupa chafu, nikavua koti la maabara, nikaenda kunywa chai.