Wali Ulionuka Gereji

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya kulisema. Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu kata ya kunywea maji ilikuwa moja kwa watu tisa, na mimi nilikuwa radhi kukinga viganja nimiminiwe kuliko kuweka mdomo pale walipoweka wengine. Mama alinichapa, akachoka, mwisho akaninunulia kikombe changu peke yangu. Mpaka juzi, na mvi zimeshaniingia, nilikuwa sijawahi kula kwa kijiko kilichotoka mdomoni mwa mtu, awe mume wangu au mtoto niliyemzaa mwenyewe. Wanangu niliwalisha kwa vijiko viwili, kimoja chao na kimoja cha kuonjea mimi.

Kinyaa hicho ndicho kilichonipa kazi. Mimi napika shughuli: harusi, arobaini, hitima, akika. Sina bango wala kadi. Watu wa Ilala na Kariakoo wakitaka mpishi husema mwiteni yule wa kinyaa, kwa sababu wanajua nywele zangu zimefungwa, kucha zimekatwa, na mchuzi nauonja kwa kuudondoshea kiganjani. Nimewahi kumfukuza msaidizi wangu jikoni kwa sababu alijikuna kichwa akiwa ameshika mwiko. Alilia, nami sikujali.

Huwa naulizwa kwa nini sipikii gesi. Gesi ninayo, nachemshia chai. Lakini sufuria la wali wa watu mia mbili linataka moto chini na makaa juu ya mfuniko, na makaa hayatoki kwenye mtungi. Zamani kuni zangu zilikuja na lori kutoka Kisarawe, zimepasuliwa tayari. Baadaye zikaadimika, bei ikapanda, na huku Kariakoo kila ukigeuka nyumba ya zamani inabomolewa lipandishwe ghorofa. Ghorofa likishakwisha linaacha mbao za zege na mirunda, ile miti inayosimamishwa kushikilia zege mpaka likauke. Wenye mikokoteni wakawa wanatuletea mpaka mlangoni kwa nusu ya bei ya lori. Mume wangu akanunua msumeno wa mashine wa mtumba, mdogo, akawa anazikata uani kwetu, nyuma ya Mchikichini. Mimi nikaamuru zipangwe kule mwisho, kwenye ukuta wa choo, kwa sababu sikutaka kuzinusa kabla hazijaingia mafigani.

Msumeno ule niliuchukia tangu siku ya kwanza. Mume wangu anauita chenso, kwa sauti ya mtu anayemtaja mchumba. Una matangi mawili, moja la petroli, na jingine dogo la oili ya kulainisha mnyororo, na oili hiyo haikai ndani: kila mnyororo ukizunguka inaruka. Ilirukia ukuta, ikarukia kanga za wapangaji kwenye kamba, ikanirukia mimi shingoni siku moja nikiwa nachambua mchele, nikaenda kuoga mara mbili. Na haikuwa oili ya dukani. Ilikuwa oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari, aliyoichukua bure kwenye gereji za mtaa wa Gerezani na kuileta nyumbani ndani ya dumu la mafuta ya kula. Dumu la mafuta ya kula! Kidogo tu nilimimine kwenye karai la maandazi. Siku hiyo nilimwambia mume wangu maneno ambayo mke mwenye adabu hayasemi, naye akafunga kitambaa chekundu kwenye shingo ya dumu, akaona yamekwisha.

Yeye alikuwa na wimbo mmoja: msumeno huu ni mdogo, umechoka, tupande daraja tuchukue mkubwa. Mimi nilimjibu kila mara kwamba mdogo unatutemea hivi, mkubwa si utatuogesha. Tukaishi hivyo miezi, yeye akiimba na mimi nikikataa.

Halafu ikaja harusi moja ya Kariakoo, kwa familia ninayoiheshimu. Nilipika pilau na wali mweupe wa nazi. Masinia yalipoanza kurudi, ya pilau yalirudi mifupa mitupu, ya wali mweupe yakarudi nusu. Nikajua kuna jambo. Shangazi wa bibi harusi, mama mtu mzima mwenye kauli katika ile familia, akaniita kando. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kutabasamu, akanisogezea sahani.

"Wali wako una gereji," alisema. "Sisemi moshi. Wali ulioingia moshi naujua, nimeula tangu utotoni. Huu una gereji."

Nikaweka punje chache kiganjani, nikaonja. Mwanzoni ulikuwa wali wangu, nazi yangu, chumvi yangu. Halafu ikapanda nyuma ya ulimi ile harufu, nzito, ya kunata, ya mtu aliyelala chini ya lori. Pilau ilikuwa imejificha nyuma ya karafuu na bizari. Wali mweupe hauna pa kujificha. Watu walikuwa wamekwisha kuumeza, wengine wakiwa na watoto mapajani, na ulikuwa umetoka mikononi mwangu.

Shangazi hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema mwezi ule ule wana harusi nyingine, ya mtoto wao wa mwisho, kubwa mara mbili ya ile, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia watu kwamba nitapika mimi. Alinitaka Ijumaa, baada ya swala, nimpelekee kisufuria cha wali mweupe nyumbani kwake auonje. Ukiwa na harufu ile, atamwita mpishi mwingine, na wakimuuliza kwa nini ameniacha, atawaambia. Kwa mpishi wa shughuli hayo ni mazishi. Mtu anayejulikana kwa kinyaa akisemwa mara moja kuwa analisha watu oili, hata kisomo cha mtaani hawampi tena.

Nilipomweleza mume wangu, hakunipa pole. Alifurahi. Alijaribu kuficha, lakini mume wangu nimekaa naye miaka mingi. Akanieleza kwamba msumeno umezeeka, unavujisha oili kwenye kuni, kuni zinaungua na oili yake, moshi unaingia kwenye wali. Tupande tuchukue mkubwa, mpya, usiovuja. Alinishawishi kwa mara moja, yeye ambaye kwa miezi yote hakuweza, kwa sababu safari hii nilikuwa nataka kushawishiwa.

Kesho yake tukaenda Kariakoo, kwenye maduka ya mashine. Chemba ilikuwa imefumuka, maji meusi yanatembea barabarani, na watu wanapanga nguo za kuuza ukingoni mwake. Tulivuka kwa kukanyaga matofali, nimeshika gauni kwa mkono mmoja na pua kwa mwingine. Dukani muuzaji alikuwa anakula mihogo ya kukaanga. Akatukaribisha, akalamba vidole kimoja baada ya kingine mpaka cha gumba, kisha kwa vidole hivyo hivyo akashika mpini wa msumeno mkubwa na kuniletea.

"Shika, mama, usikie uzito wake."

Sikushika. Mume wangu ndiye aliyeupokea, akaukumbatia. Muuzaji akashusha mingine miwili, yote sura moja, tofauti ni vibandiko tu, na kimoja kilikuwa kimebanduka pembeni kinaonyesha kibandiko kingine chini yake. Nikamuuliza ipi ni orijino. Akasema zote. Nikamuuliza basi kwa nini bei hazilingani. Akaniambia, bila hata kupepesa macho, kwamba hii ni orijino yenyewe na ile ni orijino ya kawaida.

Nikamwambia mimi nataka usiotema oili. Alicheka kwa mdomo uliojaa, kipande cha muhogo kikaruka kikatua begani kwangu. Sikusikia vizuri alichosema mwanzoni, nilikuwa nakitazama kile kipande.

"Mama, msumeno usiotema oili ni ule wa mkono," alisema. "Huu mkubwa ndio unatema zaidi. Kama oili chafu inakukera, utilie mafuta ya kula. Mnyororo haujui tofauti."

Maneno pekee ya kweli yaliyosemwa dukani mle yalikuwa hayo, nami nikayashika. Nikamtoa mume wangu nje, amenuna, nikampa masharti. Tutautilia ule mzee wetu mafuta ya kula. Wali ukitoka safi, hatununui kitu. Ukiendelea kunuka, basi msumeno umeoza, nami kwa mkono wangu nitakuja kumnunulia ule mkubwa. Akakubali haraka mno.

Jumatano akauosha msumeno kwa petroli, ndani nje, akatia mafuta ya alizeti niliyonunua kwa ajili hiyo. Nilisimama pale nikimwona anamimina chakula kwenye chuma, roho inaniuma. Akakata kuni, na ua mzima ukanukia chipsi. Nikawasha moto, nikapika wali wa kilo mbili, nikapalia makaa juu kama ninavyofanya siku zote. Nilipofunua mfuniko sikuhitaji hata kuonja. Gereji ilitoka na mvuke ikanipiga usoni.

Mume wangu alionja, akatikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa, akaingia ndani kuvaa shati la kutokea. Aliniambia akiwa dirishani nijiandae, twende Kariakoo kabla hawajafunga.

Nilikwenda kwenye ukuta wa choo. Tangu tuanze kununua kuni zile sikuwahi kufika pale na kuinama. Nikachomoa ubao ambao msumeno haujaugusa, mzima, wenye misumari yake. Upande mmoja ulikuwa mweupe kwa zege. Wa pili ulikuwa mweusi, unang'aa, umelowa mpaka ndani. Nikauweka puani.

Mafundi wa ghorofa hupaka mbao zao oili chafu ili zege lisizigandie. Hilo si siri, kila aliyepita Kariakoo penye ujenzi ameona mtu na kopo lake na tambara lake. Na hata kama nisingepita, niliambiwa. Siku mkokoteni wa kwanza ulipofika mlangoni kwetu, nilikunja pua nikamuuliza mwenye mkokoteni mbona zinanuka. Akasema ni oili ya zege, mama, inaungua tu. Nikamuuliza bei. Aliponitajia, nikamwambia azipange kwenye ukuta wa choo.

Ndivyo ilivyokuwa. Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi langu nililiona, nikaliambia likae kule mwisho nisilinuse. Pale ukutani nikazikumbuka shughuli zote za miezi ile: harusi, hitima ya jirani yetu, akika ya kitoto cha siku saba ambacho mama yake alikula sahani mbili apate maziwa. Nilitapika. Mume wangu akaja mbio na kikombe cha maji, nacho hakikuwa kikombe changu, akidhani naumwa. Nikampa ubao anuse. Alinusa, akauweka chini taratibu, akaenda kuvua shati.

Alhamisi nilinunua kuni za lori, za bei ile ile niliyoikimbia. Msumeno mzee, wenye alizeti yake tumboni, ulizikata bila kukohoa. Mume wangu aliuzima, akaupangusa kwa tambara taratibu kama kitu kipya.

Ijumaa baada ya swala nilikuwa barazani kwa shangazi na kisufuria changu kimefungwa kwa kitambaa safi. Njia nzima nilikuwa naupanga ukweli mdomoni: mama, ni kuni, nilijua, nilifuata urahisi, nisamehe. Ulikaa vizuri kabisa. Shangazi akajipakulia, akala kijiko cha kwanza amefumba macho, cha pili, cha tatu.

"Huu sasa ndio wali wako," alisema. "Kulikuwa na nini?"

"Msumeno, mama," nikasema. "Ulikuwa unavuja oili. Tumeubadilisha."

Jibu lilitoka lenyewe, laini, wala halikuhitaji kusukumwa. Shangazi aliitikia kwa kichwa, akaridhika kabisa.

"Nilijua tu," alisema. "Mtu wa kinyaa kama wewe hawezi kulisha watu uchafu huku anajua."

Akaniambia nijiandae na harusi, wageni watakuwa wengi. Kisha akachota wali tena, kwa kijiko kile kile kilichotoka kinywani mwake, bado kinang'aa mate, akaninyooshea huku akicheka kwamba leo nisijidai, nile kama mtoto wa nyumba hii. Nilikitazama. Katika maisha yangu yote sikuwahi kufanya vile, si kwa mama yangu, si kwa mume wangu, si kwa wanangu.

Nikafungua mdomo nikala. Midomo miwili ilikigusa kijiko kile, na wa kuonewa kinyaa haukuwa wake.