Nusu Kichwa cha Bi Odessa

Jalisa alikuwa na miaka kumi na saba, na biti zake, yaani midundo ya kuimbia, alizitengenezea katika chumba cha nyuma cha saluni ya shangazi yake Verlene, pale Orange Mound, Memphis, katikati ya makopo ya mafuta ya nywele. Kila biti ilianza kwa sauti yake mwenyewe ikinong'ona, "Jalisa kaipika." Watengeneza biti wote hufanya hivyo. Biti isiyo na jina ni ng'ombe asiye na chapa.

Kosa alilifanya Alhamisi. Rapa mmoja wa mtaani, Marquavis, alimbembeleza amtumie biti moja bila ule mnong'ono, eti apate kuisikiliza vizuri tu. Akammwagia na sifa. Jalisa akaitoa sauti yake, akatuma. Sifa zimewaponza wanawake wengi kabla yake.

Jumamosi saluni ilifurika, maana kesho yake ni kanisa. Gari likapita barabarani, wimbo ukitetemesha vioo, na Jalisa akaijua ngoma yake kabla hata gari halijafika mlangoni. Akafungua simu. Mwimbaji: Marquavis. Mtayarishaji: Marquavis. Akaketi juu ya ndoo, akamweleza shangazi yote. Mtaa mzima ulikuwa ukiucheza wimbo ule, na hakuna rapa hata mmoja ambaye angejua kuwa wa kutafutwa kwa biti kama ile ni Jalisa.

Kwenye kiti cha shangazi alikuwa Bi Odessa wa kwaya, mama mzazi wa Marquavis, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama moshi. Shangazi Verlene akaweka kitana mezani, akafuta mikono.

"Mbona umeacha?" Bi Odessa akauliza.

"Mikono imechoka, dada. Itapona mwanao akija kuandika jina la mtoto wangu."

Wanawake waliokaa chini ya draya za kukaushia nywele wakazizima ili wasipitwe na neno. Bi Odessa akatishia kwenda saluni nyingine. Akaambiwa mlango uko wazi. Akajitazama kwenye kioo, kisha akachukua simu, na aliyomwambia mwanawe hayaandikiki.

Baada ya robo saa Marquavis akaingia, miwani ya jua usoni, akasema alipitiwa tu.

"Jina lake ukalisahau," mama yake akamwambia, "lako ukalikumbuka mara mbili?"

Saluni ikaangua kicheko. Jalisa akaleta karatasi ya mgao wa mapato, ambayo alipaswa kuidai tangu Alhamisi: nani kaimba, nani katengeneza biti, nusu kwa nusu. Marquavis akatia sahihi mbele ya mashahidi sita, mmoja rangi ya nywele ikimchuruzika shingoni, kisha akarekebisha jina kwenye simu palepale. Shangazi alilisoma kwanza, ndipo akashika kitana.

Akiwa anaondoka, Marquavis akamsogelea Jalisa, akauliza kwa sauti ya chini kama ana biti nyingine.

"Ninazo ishirini," Jalisa akasema. "Utazisikilizia hapahapa, na mimi nikiwepo."